Uso wa Kazini na Mzigo wa Moyoni

Tunduma ni mji usiolala. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yapita katikati yake, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapo hapo. Malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi husimama kwa foleni ndefu. Palipo na malori pana watu, na palipo na watu pana biashara. Katika biashara hiyo akina mama ni wengi. Wako wauzao mchele wa Kyela na wa Kamsamba, maharage, ndizi, dagaa na vitenge. Wako mama lishe na mawakala wa fedha za simu. Wako pia walimu, wauguzi na makarani wa ofisi.

Mpita njia awaonapo asubuhi huwaona wote nadhifu. Kitenge kimefungwa vema, kilemba kimekaa sawa, uso una tabasamu, na neno la kwanza ni "Karibu, baba" au "Karibu, dada". Mpita njia husema moyoni mwake: hawa hawana shida. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Huyo mwenye tabasamu pengine amemwacha mtoto nyumbani na homa. Pengine anadaiwa, wala hajui atalipa na nini. Anajua tu kwamba akiuonyesha mzigo wake mezani, mteja atahamia meza ya jirani.

Juma hili twataka kulitazama jambo hilo: jinsi mama afanyaye kazi anavyoitunza sura yake mbele ya watu, na mahali anapopata wa kumsaidia kubeba. Msidhani ni habari ya mjini tu. Binti zetu wa Mbozi, Ileje na Momba huenda Tunduma kutafuta kazi, na mama wa kijijini hupeleka debe lake sokoni huko huko. Tena mwalimu na muuguzi wa kijiji chetu nao ni wanawake walio kazini.

KAZI MBILI KWA UJIRA MMOJA

Kila mfanyakazi hutunza sura yake, mwanamume naye vile vile. Lakini mwanamke hupimwa kwa mizani ya aina mbili. Mwanamume muuza mchele akikunja uso, watu husema ana mawazo. Mwanamke akiukunja, husema ana kiburi. Akicheka na wateja, wapo watakaosema ni mwepesi. Asipocheka, hauzi. Basi hana budi kucheka kwa kipimo, kama apimavyo mchele katika kisado: usipungue, wala usimwagike.

Mwalimu mwanamke aliyepangiwa shule ya kijijini hutazamwa nguo zake, saa anayorudi nyumbani, na mtu anayemsindikiza njiani, kabla hajaulizwa kama watoto wanajua kusoma. Muuguzi wa zahanati aliyekesha akizalisha hutakiwa awe mpole kwa mgonjwa wa asubuhi kana kwamba amelala usiku kucha. Msichana wa duka husimama tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, na mtu akimtania maneno machafu hutakiwa acheke, kwa sababu mwenye duka hataki kupoteza mteja.

Huko Marekani mwanamke mmoja mtaalamu wa mambo ya jamii, Arlie Hochschild, alitoa kitabu mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba tabasamu la mhudumu ni sehemu ya kazi anayolipwa, na kwamba kuushika moyo ili uso uonyeshe kisichokuwamo ndani ni kazi ichoshayo kama kubeba mizigo. Katika kitabu hicho hicho alitazama pia watu wa kazi iliyo kinyume cha ile, yaani wadai madeni, ambao kazi yao huwataka wawe wakali. Mama wa Tunduma hajapata kusoma kitabu hicho, lakini habari hiyo anaijua kwa mwili wake. Arudipo nyumbani jioni na kukaa kimya, mume na watoto wasimwulize kwa hasira, "Mbona umenuna?" Ametoa tabasamu siku nzima. Limekwisha.

JINA JEMA NI MTAJI

Yafaa tuelewe kwa nini mama hujificha hivi. Wengine hudhani ni majivuno. Hasha. Kwa mchuuzi, sura njema ni mtaji.

Sokoni kuna desturi ya mali kauli. Mwenye ghala humpa mchuuzi magunia ya mchele bila fedha, kwa neno lake tu, naye hulipa akisha kuuza. Hakuna karatasi, hakuna mdhamini; dhamana yake ni jina lake. Siku maneno yakienea kwamba mama fulani ameelemewa, mwenye ghala atamwambia mchele umekwisha, hata kama magunia yako nyuma yake. Kwa hiyo mama aweza kuwa na njaa, lakini kitenge chake kitakuwa safi. Anailinda mali kauli yake.

Wanyamwanga, wakaao pande zote mbili za mpaka, wana desturi nzuri ya majina. Jina la ukoo la mwanamume huanza na Si, na la mwanamke huanza na Na: kaka ni Simbeye, dada ni Nambeye. Mteja amwitaye muuzaji kwa jina la ukoo wake, badala ya kumwita "wewe", amempa heshima, na tena amewakumbusha wote wasikiao kwamba mama huyu ana watu wake nyuma. Heshima ya namna hii haigharimu hata senti moja, nayo yampunguzia mama kazi ya kujitetea.

Basi, kutunza sura si kosa. Ni akili ya kazi. Shida huanza pale sura inapokuwa nene kiasi kwamba hata wale ambao wangemsaidia hawaoni kitu.

MFICHA MARADHI

Tufanye mfano wa hesabu. Mama ana meza ya mchele, na faida yake ni shilingi 3,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 katika mwezi, amepata shilingi 78,000. Mtoto augua, nao wanataka shilingi 100,000 za matibabu. Hataki mtu ajue. Hamwambii jirani wa meza, hawaambii wenzake wa kikundi, pengine hata mumewe hamwambii. Aenda kwa mkopeshaji wa pembeni, apewa 100,000 kwa masharti ya kurudisha 130,000 mwisho wa mwezi. Tazameni sasa. Fedha zile hazikuingia katika mchele, zimekwenda hospitali. Hata asile, hata asilipe ushuru wala kodi ya chumba, mwisho wa mwezi ana 78,000, na deni ni 130,000. Hapo akopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Mwezi wa tatu akopa kwa wa tatu. Na siku zote hizo, tabasamu liko pale pale mezani.

Mikopo ya namna hii watu wameipa jina lake: kausha damu. Siku ya mwisho wadai huja nyumbani na kubeba kitanda, jiko na viti mbele ya majirani. Hapo siri ya miezi mitatu hufunuka kwa saa moja, na ile mali kauli iliyolindwa hupotea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Yafaa msomaji ajue kwamba iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa sheria hiyo mtu haruhusiwi kufanya kazi ya kukopesha bila leseni. Kabla ya kuchukua fedha ya mtu, mwulize leseni yake, mwulize riba kwa mwezi ni kiasi gani, na usitie sahihi katika karatasi usiyoielewa. Ukiwa hukusoma sana, nenda na mtu asomaye. Hiyo si aibu.

MAHALI PA KUTUA MZIGO

Sasa swali ni hili: kama mama akifunua shida yake apoteza mali kauli, na akiificha akosa msaada, afanye nini? Jibu letu ni kwamba asiwaambie wote, wala asiwafiche wote. Awaambie wale ambao hasara yake ni hasara yao.

Katika vikundi vya VICOBA wanachama hugawanywa katika makundi madogo ya watu watano, na hao watano hudhaminiana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu, hivi kwamba hakuna awezaye kulifungua peke yake. Kila mkutano watu hununua hisa, na kando huweka fedha kidogo katika mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Wengi hudhani kazi ya kikundi ni kukopesha. Kweli, lakini kazi yake nyingine ni kubwa vile vile: ni mahali ambapo mama aweza kusema kweli. Wale wanne wenzake, akishindwa kulipa, watalipa wao. Kwa hiyo hawana faida yo yote ya kumsengenya, nao wana faida kubwa ya kujua mapema. Mama yule wa mfano wetu, kama angesema siku mtoto alipougua, angepata kidogo katika mfuko wa jamii na kilichobaki angekopa kwa riba nafuu. Siku ya tisini hakuna awezaye kumwokoa.

Msaada wa pili ni jirani wa meza. Tazameni sokoni: mama mmoja akienda kumnyonyesha mtoto, mwenzake humwuzia, na fedha yake aiweka kando bila kuichanganya na yake. Wauza bidhaa ile ile, ni washindani, lakini hulindiana. Urafiki wa namna hii hujengwa kwa vitu vidogo: kumwachia mwenzako chenji, kumwambia habari ya bei, kumfunikia mali mvua inapoanza. Binti mgeni sokoni aanze hapo, kabla hajaanza kutafuta wateja.

Msaada wa tatu ni mkubwa kazini. Binti aliyetoka chuoni na kuketi ofisini mara ya kwanza hudhani wenzake wote wanajua kila kitu, naye peke yake ndiye asiyejua. Basi huogopa kuuliza asije akaonekana mjinga. Amtafute mwanamke mmoja aliyemtangulia, ampe heshima yake, amwulize faraghani. Kila aliye juu alianza chini. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi Zanzibar mwaka 1977 akiwa karani, akawa Rais wa nchi tarehe 19 Machi 2021. Mkoa wetu wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Bibi Chiku Gallawa. Nanyi mliotangulia, msimcheke binti aulizaye. Kumfundisha hakupunguzi nafasi yako.

Tena ziko jumuiya zetu ndogo ndogo na WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki kilichoanza mwaka 1972. Humo akina mama wengi wamepata faraja na msaada wa kweli. Lakini tuseme wazi jambo moja. Mara nyingine hata humo tunavaa uso wa sokoni. Kitenge cha sare kikitangazwa, yuko mama anayekopa ili asionekane peke yake bila sare. Mchango ukisomwa kwa majina, yuko anayelaza watoto na uji mtupu ili jina lake lisisomwe mwisho. Viongozi wa jumuiya watazame hili kwa huruma. Mahali panapopaswa kutua mzigo pasigeuzwe kuwa mahali pa kuuongeza.

Kuhusu mtaji wenyewe, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Akina mama wajiunge, waandikishe kikundi chao, wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, yule ambaye wazee bado humwita bibi maendeleo.

PALE TABASAMU LISIPOFAA

Kuna mambo ambayo haifai kuyavumilia kwa tabasamu. Kwa mambo hayo iko sheria.

Mwajiriwa mwanamke ana haki zake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Akijifungua hupata likizo ya siku 84 yenye malipo, na kama ni mapacha au zaidi, siku 100. Akirudi kazini, anaponyonyesha, aruhusiwe muda usiozidi saa mbili kwa siku kwenda kumnyonyesha mtoto. Haifai kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba. Akiachishwa bila haki, apeleke shauri kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hukaa nyumbani wakilia miezi miwili, kisha huenda wakati mlango umefungwa. Baba naye hupewa siku 3 za likizo mtoto azaliwapo. Azitumie nyumbani, si kijiweni.

Mkubwa wa kazi, au afisa ye yote, amtakaye mwanamke mwili wake ili ampe kazi, cheo au huduma, ametenda kosa la rushwa ya ngono kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupigiwa simu bila malipo kwa namba 113. Polisi nao wana dawati la jinsia na watoto. Binti asiende peke yake kama anaogopa. Aende na mama yake, shangazi, au mwenzake wa kazini. Aandike siku, saa na maneno aliyoambiwa, kabla hayajasahaulika.

Mpakani kwenyewe, mwaka 2019 kulitokea badiliko la maana. Tarehe 5 Oktoba Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Tangu hapo maofisa wa nchi hizi mbili hukaa mahali pamoja, na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Kwa mwenye lori hiyo ni faida ya wakati. Kwa mama mwenye magunia mawili ni zaidi ya hapo. Kila dirisha ni mahali pa kusubiri na kuomba, na kila mahali pa kuomba mtu aweza kudai kisichokuwa haki yake. Madirisha yakipungua, kuomba nako hupungua. Kwa hiyo twawashauri akina mama wapite njia halali na kudai stakabadhi. Yule apitaye njia za panya usiku hana wa kumlalamikia, na kila amwonaye aweza kumtisha.

KWA AKINA BABA

Nanyi akina baba, neno fupi. Baadhi yetu tunapenda fedha ya mama lakini hatuipendi kazi yake. Akichelewa tunauliza alikuwa na nani, wala hatuulizi kama amekula. Mama asipoweza kusema nyumbani kwamba leo hakuuza kitu, basi mumewe naye amekuwa mteja mmoja zaidi wa kuonyeshwa tabasamu. Nyumba ya namna hiyo ndiyo wadai huijia kuchukua kitanda, na baba hushangaa kana kwamba deni limeshuka toka mawinguni.

Twashauri jambo rahisi. Mara moja kwa juma, baada ya chakula, mume na mke waketi wahesabu pamoja: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa. Bila hasira, bila kutafuta mkosaji. Watoto wakubwa wasikie pia, wajifunze kwamba fedha haiokotwi. Binti akipata kazi mjini, wazazi wasimwulize tu ametuma kiasi gani. Wamwulize anakaa na nani, nani rafiki yake kazini, na kama kuna mtu anayemsumbua. Binti ajuaye kwamba ataulizwa kwa upendo hatajificha.

Akina mama, fungeni vitenge vyenu vizuri, mkaribishe wateja kwa uchangamfu, mlinde majina yenu mazuri. Hiyo ni kazi yenu nanyi mnaifanya kwa ustadi. Ila kila mmoja ajiulize leo: nikipatwa na shida kesho, nani wawili au watatu nitakaowaambia kweli kabla jua halijatua? Aliye nao awashike sana. Asiye nao aanze kuwatafuta juma hili, wakati bado hadaiwi.